Mafunjo Mlangoni: Ua Lipendalo Maji



Mwezi huu tuzungumze juu ya mmea ambao wengi wetu tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tumeuona tangu utotoni bila hata siku moja kuuita ua. Ni mafunjo. Tuliyaona yamesimama majini kama ukuta, vichwa vyake vya nyuzinyuzi vikitikisika kwa upepo. Bibi zetu waliyasukia majamvi na vikapu na kuezekea vibanda. Sisi tukayahesabu kuwa magugu ya ziwani tu. Leo ukipita mjini utayakuta mafunjo hayohayo kwa wauza maua wa barabarani, yamepandwa ndani ya vyungu na kuuzwa kwa bei ambayo ingemchekesha bibi.

Nami ni mmoja wa wale walionunua. Ninayapenda kwa sababu hayachagui msimu, hayataki dawa nyingi, na yanapendeza mwaka mzima. Lakini ua hili lina jambo moja ambalo maua mengi hayana: linataka maji wakati wote. Na maji yaliyosimama nyumbani ni jambo ambalo sisi akina mama hatuna budi kulifikiria mara mbili. Nitawaeleza kwanza lililonipata mimi, kisha tuone namna ya kuyapanda kwa usalama.

LILILONIPATA

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kisiki kimoja cha mafunjo nikakipanda ndani ya beseni kubwa la plastiki, yale tunayofulia nguo. Nilitia udongo nusu, nikajaza maji juu yake, nikaliweka beseni karibu na mlango wa mbele. Kwa miezi miwili kila mgeni aliyefika aliyasifu.

Jumamosi moja asubuhi mama jirani alikuja na mwanawe wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Tukasimama mlangoni tukizungumza habari za mchango wa harusi. Mtoto alikuwa akitembeatembea hapohapo miguuni petu. Hatukusikia kitu. Nilipogeuka niliona miguu tu. Kichwa kilikuwa ndani ya beseni. Nilimnyakua. Akakohoa, akatapika maji ya tope, kisha akalia kwa sauti. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Tulimkimbiza hospitali, akaangaliwa mpaka jioni, akaruhusiwa akiwa mzima. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimewafundisha akina mama kliniki wafunike ndoo na wamwage maji yaliyotuama. Beseni langu mwenyewe sikulihesabu, kwa kuwa kwangu lilikuwa ua. Jioni ile nilipolimwaga niliona jambo la pili: viluwiluwi vya mbu vikinyongorota chini ya majani. Nilikuwa nafuga mbu mlangoni huku nikiwahimiza wenzangu kulala ndani ya vyandarua.

Naomba kila mama akumbuke mambo haya. Mtoto mdogo ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake, hivyo akiinama na kutumbukia ni vigumu kujiinua. Maji ya sentimita chache yanatosha kuziba pua na mdomo. Mtoto anayezama hapigi kelele, na dakika chache zinatosha kumpoteza. Ikitokea, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Mtoe majini na uite msaada. Ikiwa hapumui, mlaze chali, inua kidevu chake kidogo, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi tano taratibu ukitazama kifua kinavyoinuka. Asipoonyesha dalili ya uhai, anza kumbonyeza katikati ya kifua kwa haraka, mara 30, kisha pumzi mbili, na kuendelea hivyo mpaka msaada ufike. Hata akizinduka na kucheza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya hapo nilitaka kuyang'oa mafunjo yote. Lakini nilipotulia niliona kwamba kosa halikuwa la mmea. Mafunjo yanataka udongo uliolowa kwenye mizizi yake. Hayana haja ya maji ya wazi juu ya udongo. Jambo hilo dogo ndilo ninalotaka mlishike leo.

KUYATAMBUA

Mafunjo si nyasi, ingawa yanafanana nazo. Yako katika jamii kubwa yenye aina zaidi ya 5,000 duniani. Shika shina ulizungushe kati ya vidole. Shina la nyasi huwa la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi ndani ni tupu kama mwanzi. Shina la jamii ya mafunjo kwa kawaida lina pembe tatu, halina vifundo, na ndani limejaa nyama nyeupe. Nyama hiyo ndiyo Wamisri wa kale waliyoikata vipande vyembamba, wakaipanga, wakaigandamiza na kuikausha ikawa karatasi.

Kwa bustani ya nyumbani ninapendekeza aina tatu:

1. Mafunjo makubwa. Haya ndiyo ya ziwani. Yanaweza kufika mita 3 hata 5. Yanafaa kwa kiwanja kikubwa, au pembeni mwa ukuta. Usiyaweke mbele ya dirisha dogo, yatakufungia mwanga.

2. Mafunjo mafupi. Yana vichwa vya nyuzinyuzi kama yale makubwa lakini kwa kawaida hayazidi mita 1. Haya ndiyo yanayofaa chungu cha barazani.

3. Mwavuli. Ninauita hivyo kwa sababu ya umbo lake: juu ya kila shina majani hutawanyika pande zote kama mbavu za mwavuli. Hufika mita 1 au moja na nusu. Katika nchi zetu humea wenyewe kando ya vijito. Huu ndio rahisi kuliko yote, na anayeanza aanze nao.

Kuna ndugu yao mmoja ambaye wakulima wote tunamjua: ndago. Naye ana shina la pembe tatu, lakini huyo usimkaribishe. Ana viazi vidogovidogo chini ya ardhi vilivyoungana kama shanga, na ukilima kwa jembe unavikata na kuvisambaza. Kagua udongo wowote unaoletewa pamoja na maua. Ukiona viazi hivyo vyeusi, viokote vyote kwa mkono.

MAHALI PA KUPATA MBEGU

Omba kwa jirani aliye nayo, au nunua kwenye vitalu vya maua. Nawasihi msiingie ziwani wala kwenye vinamasi kung'oa. Sababu ya kwanza ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, wala huvisikii vinapoingia. Sababu ya pili ni kwamba mafunjo ya ziwani yana kazi. Yanazuia udongo usiingie ziwani, yanahifadhi mazalio ya samaki, na yanachuja uchafu. Kinamasi cha Nakivubo huko Kampala kwa miaka mingi kimepokea maji machafu ya jiji na mafunjo yake yakayachuja kabla hayajafika ziwani. Lakini sehemu yake kubwa imelimwa na kujengwa, na kazi hiyo imepungua. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo la kulindwa.

Mwavuli unazalishwa kwa njia ambayo watoto huifurahia sana. Kata kichwa kimoja kilichokomaa, ukiacha kipande cha shina cha urefu wa vidole viwili. Punguza majani yake kwa mkasi mpaka nusu. Kisha kigeuze kichwa chini, shina likitazama juu, ukiweke ndani ya glasi ya maji. Baada ya wiki mbili hadi nne utaona mizizi na vichipukizi vinatoka katikati ya majani. Ndivyo unavyojizalisha wenyewe kijitoni: shina huinama, kichwa hugusa maji, na mmea mpya huanza. Badilisha maji ya glasi kila baada ya siku mbili au tatu.

Mafunjo makubwa ni vigumu kuzalishwa hivyo. Yenyewe hugawanywa. Chini yana kisiki kinachotambaa kama tangawizi. Kata kipande chenye mashina mawili au matatu na mizizi yake, ukipande siku hiyohiyo kabla hakijakauka.

KUPANDA BILA MAJI YA WAZI

Hii ndiyo njia ninayotumia sasa. Utahitaji ndoo ya lita 20, hata kuukuu, mradi chini isivuje.

1. Toboa matundu mawili pembeni mwa ndoo, yakitazamana, kama sentimita 10 chini ya ukingo. Msumari uliopashwa moto unatosha. Usitoboe kitako.

2. Changanya udongo wa mfinyanzi debe tatu na samadi iliyooza vizuri, au mboji, debe moja. Kisha tumia kiasi kinachotosha ndoo yako. Samadi mbichi huunguza mizizi na kunuka.

3. Jaza udongo huo mpaka upite matundu kwa vidole viwili. Panda mche katikati, kisiki kikiwa chini kidogo tu ya udongo.

4. Juu yake tandaza kokoto ndogo zilizooshwa mpaka karibu na ukingo.

5. Mwagilia mpaka maji yaanze kutoka kwenye matundu. Hapo simama.

Maji yakizidi, hata mvua ikinyesha, yatatokea pembeni. Ndani ya ndoo mizizi inakaa kwenye tope kama ziwani, lakini juu kuna kokoto kavu. Mbu hapati pa kutagia, na mtoto akiinama atakutana na mawe. Kama unapenda chungu kizuri cha udongo, itumbukize ndoo hiyo ndani yake. Angalia tu kwamba maji yanayotoka kwenye matundu hayakusanyiki chini ya chungu. Usiweke kisahani chini yake.

Kwa wale ambao tayari wana beseni la maji na hawawezi kulibadilisha leo, limwageni kila wiki bila kukosa. Mbu huchukua kama siku 7 hadi 14 kutoka yai hadi kuruka, hivyo ukimwaga kila wiki unamkatiza njiani. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi. Mbu aenezaye homa ya dengue, anayeuma mchana, hutaga mayai kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Sugua kuta kwa brashi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walioona milipuko ya dengue ya mwaka 2014 na 2019 watakubaliana nami kwamba kazi hii si ya kuahirisha. Na kama kuna mtoto mdogo katika nyumba au kwa jirani, beseni hilo limwagwe leo, lisingoje wiki.

MATUNZO YA KILA SIKU

Jua. Mafunjo hupenda jua la kutosha. Mwavuli huvumilia kivuli kidogo, hata barazani. Ukiona mashina yanarefuka membamba na kulala, yanatafuta mwanga, yahamishe.

Maji. Wakati wa kiangazi mwagilia kila siku. Ingiza kidole chini ya kokoto: kikitoka kikavu, umechelewa. Ncha za majani zikigeuka kahawia, mara nyingi ni kiu, au mbolea imezidi. Ikiwa ni mbolea, mwagilia maji safi mengi mpaka yatoke pembeni kwa muda.

Chakula. Konzi moja ya samadi iliyooza kila mwezi wakati wa mvua yatosha. Sogeza kokoto, tia, zirudishe.

Kukata. Shina likigeuka manjano, likate chini kabisa karibu na udongo. Ukilikata katikati halitachipua pale ulipokata, maana halina vifundo. Litabaki kigutu kibaya. Machipukizi mapya hutoka chini kwenye kisiki. Vaa kitambaa mkononi, kwa kuwa kingo za majani ya baadhi ya aina hukata ngozi.

Wadudu. Kiangazi kikali huleta utitiri. Utaona madoadoa ya manjano na utando mwembamba. Vidukari nao hukaa kwenye vichwa vichanga. Osha kwa maji ya sabuni kidogo jioni, kisha suuza asubuhi.

Kugawanya. Kila baada ya miaka miwili au mitatu visiki hujaa ndoo mpaka huipasua. Vitoe, katakata kwa panga kali, rudisha kipande kichanga cha pembeni, na vingine uwagawie wenzako.

MAJI YASIPOTOSHA

Najua wengi mtasema, "Dada, maji ya kunywa yenyewe tunanunua kwa dumu, nitamwagilia maua?" Ni neno la kweli. Kwetu Mwanza juu ya vilima, kuna wiki mabomba yanakauka kabisa. Mimi mafunjo yangu hayajui maji ya bomba. Yanakunywa maji niliyooshea mchele na mboga, na maji ya kuogea yenye sabuni kidogo. Hayo yanayastawisha. Usiyape maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, chumvi nyingi wala mafuta ya kupikia.

Pale nyuma ya nyumba maji ya bafuni yanapotuama na kunuka, chimba mtaro mfupi wenye kina kama cha goti, ujaze kokoto mpaka juu, upande miavuli ndani yake. Maji yatapita chini ya kokoto na mizizi itayanywa. Ni njia ileile ya ndoo, isipokuwa imelazwa ardhini. Uwe mbali na kisima, na usiingize humo maji ya choo.

KWA AJILI YA MADHABAHU

Sisi tunaopamba kanisa tunajua shida ya Jumamosi jioni: maua hakuna na fedha hakuna. Mashina matano ya mwavuli ya urefu tofauti, pamoja na maua machache yoyote ya uani, yanajaza chombo kikubwa vizuri. Yakatwe asubuhi na mapema na yawekwe majini mara moja, yatakaa wiki nzima yakiwa mabichi. Lakini Jumatatu mmoja wetu akumbuke kumwaga maji ya chombo na kukisugua. Maji ya kanisani nayo huzaa mbu.

NENO LA KUMALIZIA

Katika Kutoka sura ya 2 tunasoma habari za mama wa Musa, ambaye jina lake, Yokebedi, twaambiwa sura ya 6. Kisafina alichomwekea mwanawe kilisukwa kwa mmea huu tunaouzungumzia; neno la Kiebrania lililotumika pale ni la mafunjo. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo tangu shule ya Jumapili. Usiku wa siku ile ya beseni niliisoma tena, nikaona mambo mawili ambayo nilikuwa nayapita.

La kwanza, Yokebedi alikipaka kile kisafina lami. Imani yake haikumzuia kuziba matundu. Aliyatumia mafunjo ili maji yasimguse mtoto. Mimi niliyatumia mafunjo nikamletea mtoto wa mwenzangu maji mpaka usoni.

La pili, hakukiacha peke yake. Dada wa mtoto alisimama kwa mbali akitazama. Mungu alikuwa anatazama, na bado mtu akawekwa alinde.

Yule mtoto sasa anasoma shule ya msingi. Mwaka jana mama yake alinijia akaomba mwavuli. Nilimpa ndoo nzima, imetobolewa pembeni, na kokoto zimejaa juu. Aliitazama, akapitisha kiganja juu ya kokoto, akaniambia, "Hii sawa, dada." Tukaibeba wawili mpaka mlangoni kwake.

Basi, mama mwenzangu, kabla hujapanda chochote mwezi huu, zunguka nyumba yako leo jioni ukiwa umeinama kimo cha mtoto. Tazama kila chombo chenye maji. Kimwage, kifunike, au ukijaze kokoto. Kisha panda mafunjo yako.

Mungu awabariki na kuzilinda familia zenu. Tukutane tena mwezi ujao, Bwana akitujalia uzima.